Somo: Kupanga kabati la TV na meza ya kazi kabla hujampa fundi hela

Habari zenu wapendwa. Wateja wengi wanaofika karakana yangu ya samani hapa Keko, Dar es Salaam, huanza kwa kunionyesha picha kwenye simu: ukuta mweupe, TV kubwa, taa zilizojificha, na hakuna waya hata mmoja. Nami huwauliza, "Kisimbuzi kitakaa wapi?" Wengi hunyamaza. Kabati la kuagiza lianze na vitu vitakavyokaa ndani yake, na hewa ya chumba litakamowekwa. Picha itafuata.

Hatua ya kwanza: andika vitu vyote, kisha vipime

Chukua daftari. TV, kisimbuzi, ruta ya intaneti, sabufa, kompyuta, printa, mafaili, vitabu vya watoto, Kurani au Biblia ya sebuleni, hata kikapu cha chaja. Kila kimoja pima upana, kimo na kina. Printa ipime ikiwa na trei ya karatasi imevutwa na mfuniko umefunguliwa, maana hapo ndipo watu wengi hukosea.

Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona. TV ya inchi 43 ina upana wa kama sentimita 95, ya inchi 55 kama 122, na ya inchi 65 kama 144. Ukinunua kabati la sentimita 120 leo na mwakani ukachukua TV kubwa zaidi, itaning'inia pembeni. Kwa inchi 55 mimi hushauri kabati lisipungue sentimita 160.

Hatua ya pili: pima chumba na njia ya kuingilia

Kuta zetu hazinyooki. Kama kabati linaingia kati ya kuta mbili, pima upana chini, katikati na juu, kisha tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Chora soketi, swichi, dirisha na mahali pazia linapofika. Angalia AC inadondoshea wapi. Uliza pia nyuma ya ukuta kuna nini: kama ni bafu, gusa plasta kwa kiganja. Ikiwa ni baridi na rangi inabanduka, tafuta ukuta mwingine au ushughulikie unyevu kwanza.

Halafu pima mlango, korido na ngazi. Niliwahi kutengeneza kabati la sentimita 240, kipande kimoja, kwa ajili ya ghorofa ya tatu Upanga. Kirikuu kililifikisha vizuri, lakini kona ya ngazi ilikataa. Tulilikata katikati palepale uani, mwenye nyumba akitazama, na lile jambo liliniuma sana. Tangu siku hiyo kitu chochote kinachozidi sentimita 150 nakijenga vipande viwili vinavyofungwa kwa boliti.

Kabati la kufika darini lina mtego mwingine. Likiwa na kimo cha sentimita 275 na kina cha 40, ukilisimamisha kutoka sakafuni kona yake hupita kwenye sentimita 278. Dari ikiwa 277, halisimami. Lijengwe vipande viwili, cha chini na cha juu.

Hatua ya tatu: vimo vya mwili

Kaa kwenye kochi lako, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi jichoni. Kwa watu wazima wengi ni kama sentimita 100 hadi 110. Katikati ya TV pawe hapo au chini kidogo. Kwa inchi 55, ambayo kimo chake ni karibu 69, ukingo wa chini utakuwa kama sentimita 70 kutoka sakafuni, hivyo kabati la chini la sentimita 50 linatosha. TV iliyopandishwa karibu na dari inaumiza shingo.

Meza ya kazi iwe na kimo cha sentimita 73 hadi 75, kina kisichopungua 60, na nafasi ya magoti yenye upana wa 60 isiyo na droo. Lakini leta kiti chako kwanza. Kalia, kunja kiwiko, na meza ifike hapo kiwiko kilipo. Dirisha likae ubavuni kwako: likiwa nyuma, kioo cha kompyuta kitang'aa, na kwenye mikutano ya video utaonekana kivuli tu.

Hatua ya nne: waya na joto

Hapa naomba mtulie nami, kwa sababu ndipo kabati zuri huharibikia.

Kisimbuzi hutoa joto saa zote, na Dar yenyewe ina joto. Ukikifungia nyuma ya mlango, na mgongo wa kabati umezibwa, hewa ya moto haina pa kutokea. Acha angalau sentimita 10 juu yake. Mgongo ukatwe matundu mawili, moja chini na jingine juu, ili hewa baridi iingie chini na ya moto ipande itoke. Usipange visimbuzi viwili kimoja juu ya kingine. Rimoti nyingi hutumia mwanga usioonekana, na mwanga huo haupenyi mbao, kwa hiyo mlango uwe wa kioo au rafu iachwe wazi. Ruta nayo ikae juu, mbali na mgongo wa TV, la sivyo chumba cha mwisho kitakosa mtandao.

Soketi ya ukutani isizikwe. Mwambie fundi akate mgongo mahali pake, mkono wako ufike bila kuhamisha kabati. Ekstensheni isifungiwe kwenye droo yenye nguo au karatasi. Kwenye meza, toboa tundu la milimita 60 nyuma kwenye kona, plagi ya pini tatu ipite bila kufunguliwa. Acha pia nafasi ya kifaa cha kulinda TV, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndicho kinachookoa.

Hatua ya tano: mbao na vyuma

Bodi nyingi madukani ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Msumeno unakula kama milimita 3 kila mkato. Kina cha sentimita 40 kinatoa vipande vitatu kwenye upana wa bodi. Ukisema 42, unapata viwili na kipande cha kama 37 kinabaki kwenye kona ya karakana. Sentimita mbili zinaweza kukuongezea bodi nzima.

MDF, yaani bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, hupakwa rangi ikapendeza, ila maji ni adui yake. Plaiwudi ya marini, ile ya gundi isiyoachia kwa maji, huvumilia unyevu zaidi. Mninga hautanuki wala kusinyaa sana ukikaushwa vizuri, na mkongo ni mgumu na mzito. Mbao mbichi, hata iwe ya aina bora, itajikunja ndani ya chumba chenye AC. Rafu ya MDF ya milimita 18 isizidi sentimita 70 bila nguzo ukitaka kuweka vitabu. Ikizidi hapo itabonyea.

Kitako kiinuliwe sentimita 10, kwa sababu tunadeki kila siku. Acha sentimita mbili au tatu nyuma, kati ya kabati na ukuta. Na kagua fremu za milango: ukiona vijia vya udongo, mchwa washughulikiwe kabla kabati halijaingia.

Hatua ya sita: makubaliano

Yaandikwe. Aina ya bodi, unene, idadi ya bawaba, unene wa mgongo, nani analipa usafiri, nani anatoboa ukuta. Toa hela ya vifaa kwanza, nyingine kazi ikifika nusu, na bakisha kiasi cha maana hadi droo zote zifunguke zikiwa kwako. Nenda na futi kamba karakana kabla ya rangi. Bodi ya milimita 15 na ya 18 zikishapakwa rangi, jicho halizitofautishi.

Maswali ya wanachama

Mama wa Tabata: Fundi, mimi ni mpangaji. Baba mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Nifanyeje?

Jibu: Mama, chukua kabati fupi, sentimita 50, TV isimame kwa miguu yake. Lijengwe vipande viwili, siku ya kuhama unafungua boliti. Kabati refu la vitabu ndilo siwezi kukushauri liachwe bila kufungwa. Muombe akuruhusu matundu mawili tu, uyazibe ukiondoka.

Mkazi wa Kigamboni: Bawaba zangu zimeota kutu ndani ya mwaka mmoja. Niliuziwa feki?

Jibu: Yawezekana, lakini hewa ya bahari hula chuma cha kawaida hata kikiwa kipya. Nyumba za Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach ziwekewe bawaba na reli za chuma cha pua, na skrubu pia. Watu hununua bawaba nzuri wakasahau skrubu.

Kijana wa Kimara: Shikamoo fundi. Mwanangu ana miaka mitatu, anavuta droo na kupanda kama ngazi.

Jibu: Marahaba. Hili lifanye leo, usisubiri wikiendi. Kabati lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe viwili, skrubu na fisha (vile vishikio vya plastiki vya kuingiza tunduni) zinazofaa tofali lenu. TV nayo ifungwe kwa mkanda. Vitu vizito vishuke droo ya chini kabisa, na rimoti isikae juu, kwa sababu ndiyo anayoifuata.

Dada wa Ubungo: Maji ya mvua yaliingia, MDF imevimba chini. Ikikauka itarudi?

Jibu: Pole dada. Hairudi, nyuzi zake zimeshaachana. Toa vitu, acha kabati likauke kabisa, kisha fundi akate sehemu yote iliyovimba, usawa mmoja pande zote. Chini aweke kitako cha mninga au mkongo cha sentimita 10 hadi 15, akipake vanishi pande zote, hadi upande unaogusa sakafu. Ukingo wa MDF uliokatwa uzibwe kwa gundi na rangi kabla haujakalia kitako hicho.