Kuongeza RAM kwenye desktopu ya zamani: soma kwanza kabla hujaenda dukani

Dada angu ana steshenari Mbagala, anachapa barua, anaprinti, anaskani vyeti na kuwajazia watu maombi ya ajira na mikopo ya chuo mtandaoni, na mashine anayotumia ni HP Compaq Pro 6300 ya mtumba, ile ndogo ya kulala, prosesa i5 ya kizazi cha tatu. Mashine nzuri tu. Ila ilikuwa na RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, 4GB tu, kwa hiyo msimu wa maombi ukifika unakuta kafungua kurasa kumi na kitu za Chrome, Word ipo wazi, PDF tatu, WhatsApp nayo humo humo, mteja kasimama pembeni anaangalia saa na mashine imeganda. Kila mtu anamwambia iuze hiyo nunua nyingine. Mi nikamwambia dada subiri kwanza, hii mashine haijachoka, imebanwa tu.

Sasa naandika hapa jinsi tulivyofanya, na pale nilipokosea mimi, manake hela nyingi watu wanapoteza dukani siyo kwenye kufunga. Kufunga RAM ni dakika kumi. Kununua iliyo sahihi ndo kazi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba tatizo ni RAM kweli. Fungua vitu vyote unavyotumiaga siku yenye kazi nyingi, afu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance uangalie Memory. Ikiwa imekaa 85 mpaka 95 asilimia na diski nayo inagonga 100 muda wote, basi RAM imejaa na Windows inahamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni polepole mno ukilinganisha na RAM, ndo maana mashine inaganda. Lakini ukikuta Memory iko 50 au 60 na diski bado iko 100, usinunue RAM, hela yako peleka kwenye SSD, ile diski ya kasi. Kwa dada ilikuwa 93.

Hapo hapo kwenye Memory ukiangalia chini utaona sloti ngapi zinatumika kati ya ngapi, na spidi. Yake ilionyesha 2 kati ya 4, maana yake vijiti viwili vya RAM, kila kimoja 2GB, na nafasi mbili tupu. Halafu ukitaka kujua mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, inabeba mpaka ngapi, kwenye Windows 10 kurudi nyuma fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika hivi: wmic memphysical get MaxCapacity, MemoryDevices. Itakupa namba ndefu ya kilobaiti, igawe kwa 1024 mara mbili upate GB. 33554432 ni 32GB. Kuna mashine zinadanganya hapo kwa hiyo linganisha na maelezo ya modeli yenyewe kwenye tovuti ya kampuni, jina la modeli limeandikwa kwenye boksi lenyewe, lile ambalo wengi tunaliita CPU.

Kitu kingine watu wanasahau ni Windows yenyewe, 32 biti au 64. Kama ni 32, hata ukiweka 16GB haitatumia zaidi ya 4, na mara nyingi utaona inakwambia inayotumika ni 3 na pointi kadhaa tu. Angalia kwenye Settings, System, About. Ukikuta 32 basi panga kwanza kupiga Windows upya ya 64, na kabla ya hapo toa mafaili yako yote weka kwenye flashi au diski ya nje, usimwachie fundi tu ukaamini atakumbuka.

Haya, aina ya RAM, yaani vizazi vyake: DDR2, DDR3 na DDR4. Hapa naomba usome taratibu. Dell OptiPlex 755 na 760 zinatumia DDR2, OptiPlex 780 ni DDR3. HP dc7900 ni DDR2, 8000 Elite ni DDR3. Ukiwa na i3 au i5 ya kizazi cha kwanza mpaka cha nne ni DDR3, na kuanzia cha sita kuja juu nyingi ni DDR4. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na urefu ule ule, ukiziweka mezani unaweza kusema ni kitu kimoja, ila lile pengo la chini kwenye pini limekaa sehemu tofauti, kwa hiyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Ikigoma kukaa usiilazimishe kabisa, utavunja sloti na hapo ndo mashine inakufa kweli. Na RAM ya laptopu ni fupi, kama nusu, haiingii kwenye desktopu hizi za kawaida.

Stika ya RAM imeandikwa kitu kama 4GB 2Rx8 PC3-12800U. PC3 ni DDR3. 12800 ni spidi ya 1600, 10600 ni 1333, 8500 ni 1066. Ukichanganya spidi tofauti zote zitatembea kwa spidi ya ile ya chini, siyo mwisho wa dunia, tofauti yenyewe kwa kazi za ofisi huioni. Ukiona PC3L ni ile ya umeme mdogo, volti 1.35, nayo inakubali 1.5 kwa hiyo kwenye mashine hizi inafanya kazi.

Ile herufi ya mwisho ndo iliyonichapa. Nilienda Kariakoo nikauliza DDR3 4GB mbili, jamaa mmoja akanitolea akasema braza chukua hizi, ni DDR3 hiyo hiyo na bei nafuu, nikaziangalia, pengo sawa, 4GB sawa, nikalipa. Nafika Mbagala nachomeka, zinaingia vizuri kabisa, nawasha, kioo cheusi, taa ya pawa inawaka nyekundu mara tano na mlio bip tano, inatulia, inarudia tena bip tano. Kwenye hizi HP bip tano na nyekundu tano maana yake RAM haisomeki. Nilihangaika zaidi ya saa nzima nikidhani nimeunguza kitu, dada kakaa pembeni kimya na wateja anawarudisha, roho iliniuma sana siku ile. Kumbe stika imeandikwa PC3-12800R. R ni RAM ya seva. Inaingia kwenye sloti vizuri kabisa lakini desktopu ya kawaida haiisomi. Unaitambua pia kwa kuangalia katikati, ina kachipu ka ziada kadogo tofauti na zile nyingine, na chipu kubwa ukizihesabu utakuta upande mmoja ni 9 badala ya 8. Zimejaa sokoni manake seva za zamani zikifumuliwa RAM zake zinakuja kuuzwa rahisi. Wewe tafuta U, au isiyo na herufi yoyote.

Kuna nyingine zimeandikwa ni za AMD, ukiwa na mashine ya Intel achana nazo, mpangilio wa chipu zake Intel haziwezi kuusoma. Na kama mashine yako ni ya zamani zaidi, Core 2 Duo au kizazi cha kwanza cha i3 na i5, tafuta zenye 2Rx8 siyo 1Rx8, zile mashine hazisomi chipu moja moja zenye ujazo mkubwa, unaweka 4GB inaonyesha 2GB au haiwaki kabisa. Kuanzia kizazi cha pili hilo tatizo halipo.

Ushauri wangu wa dukani ni huu: nenda na kijiti kimoja cha kwenye mashine yako, umwonyeshe muuzaji, na ukiweza beba boksi zima upimie pale pale kabla hujatoa hela. Ni usumbufu kulibeba kwenye daladala najua, ila ni bora kuliko kurudi kubishana. Kama huwezi basi muulize akuandikie risiti kwamba isipokubali utabadilisha. Mi nilirudi, nikabadilishiwa kwa kuongeza hela kidogo.

Kufunga sasa. Zima mashine kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani, usizime swichi tu. Afu bonyeza kitufe cha pawa ushikilie sekunde kama 15 umeme uliobaki uishe. Usivae sweta, na kabla hujagusa kitu chochote ndani shika chuma cha boksi kwa mkono mtupu, ule umeme wa mwilini ambao wakati mwingine huusikii unatosha kuua RAM. Fungua kava. Kwenye hizi 6300 ndogo kisanduku cha kubebea diski kimefunika RAM, kinainuka juu kama mfuniko, kiinue usikichomoe. Ndani utakuta vumbi, kwetu huku halikosekani, litoe kwa bulowa au brashi laini ya rangi ambayo ni mpya na kavu, ukitumia bulowa zuia feni kwa kidole isizunguke.

Vishikizo vya pembeni ya sloti visukume nje, weka RAM pengo likae sawa na kile kimlima cha kwenye sloti, afu sukuma chini kwa vidole gumba viwili, pande zote mbili, mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe na usikie klik. Hapa watu wanaogopa. RAM inahitaji nguvu kidogo kuliko unavyodhani na mashine nyingi zinazokataa kuwaka baada ya kuongeza RAM ni kwa sababu haijakaa mpaka mwisho. Usishike zile pini za dhahabu. Na weka kwa jozi, mbili zinazofanana, ili zisomwe kwa njia mbili kwa wakati mmoja, hasa kama unatumia grafiksi ya kwenye prosesa maana nayo inakula RAM hiyo hiyo. Sisi tuliacha 2GB mbili za mwanzo tukajaza 4GB mbili kwenye nafasi tupu, jumla 12.

Washa kabla hujafunga kava. Mara ya kwanza inaweza kuchelewa, au kukuletea ujumbe kwamba kiasi cha RAM kimebadilika, Dell ndo wanapenda hiyo, wewe endelea tu. Ikigoma: chomoa umeme tena, toa zote, weka moja moja, moja moja kwenye kila sloti, utajua mbovu ni kijiti au sloti. Pini zikiwa zimefifia, huku Pwani zinashika ukungu haraka kwa sababu ya hewa ya bahari, zisugue taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli afu ufute mabaki yote kwa kitambaa kikavu. Ile RAM ya zamani iliyokuwa inakataa nimeifufua hivyo mara nyingi.

Ikiwaka bado usishangilie. RAM ya mtumba inaweza kuonyesha GB zote na bado ikawa na sehemu mbovu, wiki moja baadaye faili la mteja linaharibika hujui kwa nini. Usiku tuliiachia Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, ikazunguka mpaka asubuhi bila mstari mwekundu hata mmoja. Ukiona kosa hata moja, rudisha, usikubali kuambiwa ni kawaida. Kama huna flashi, andika mdsched kwenye Start, Windows ina kipimo chake, siyo kikali sana ila ni bora kuliko kutopima.

Asubuhi dada kafungua kila kitu chake, Memory ikasimama 48 asilimia. Hao wa kujaza fomu walikuwa wanne kwenye foleni na mashine haikuganda.