Ukipewa ufunguo wa maktaba ya shule ya msingi, uanzie wapi

Huku Mtwara mwalimu wa maktaba hapatikani kwa barua. Kikao cha walimu kinaisha, mwalimu mkuu anatoa ufunguo mfukoni, anakutazama: "Mwalimu, wewe vipindi vyako vichache, hebu chukua hii." Mimi nilipewa hivyohivyo, kwenye shule moja wilayani Tandahimba, na mwaka wa kwanza mzima kazi yangu ilikuwa kufunga mlango. Watoto hawakugusa kitabu. Mchwa, wao hawakuwa na habari na kufuli.

Haya ndiyo ningeyafanya tangu siku ile ya kwanza.

Hatua ya 1: Malizeni kwanza suala la hasara

Usianze na rafu, anza na hofu. Maktaba nyingi zimefungwa kwa sababu hakuna anayejua kitabu kikipotea nani atalipa. Peleka hoja kikaoni. Sisi tulikubaliana hivi: kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kinaandikwa kwenye daftari lake, na mwalimu mkuu anasaini kila mwisho wa muhula. Kikipotea, mzazi anaitwa tuzungumze, na mtoto hachapwi. Muhtasari ukaandikwa, ukawekwa kwenye faili.

Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za ukutubi, na ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumika. Nilimweleza mwalimu mkuu habari zake, akasikiliza kwa adabu. Kilichomfanya aachie vitabu ni ule muhtasari wenye saini.

Hatua ya 2: Toa kila kitu nje

Chagua siku ya jua kali, Julai au Agosti, mvua zikiwa bado mbali. Tandika majamvi chini ya mwembe, toa vitabu vyote, kila kimoja kishike mgongo ukipepete. Utashangaa vitakavyodondoka. Tenga mafungu: vya kiada wapelekee walimu wa masomo, maana vikibaki kwako vitajaza rafu na mtoto hataiona hadithi hata moja. Vilivyochanika weka pembeni. Vinavyobaki ndiyo maktaba yako, na visikukatishe tamaa kwa uchache wake.

Rafu isiguse ukuta, acha nafasi ya kiganja, kwa sababu mchwa hupanda na ukuta. Miguu yake isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu, ila yakae nyuma ambako mikono midogo haifiki.

Hatua ya 3: Sajili, kisha panga

Rejista iwe na tarehe, namba, jina la kitabu, mwandishi, kilikotoka na bei. Gonga muhuri ndani ya jalada na kwenye ukurasa mmoja wa siri, uleule kwa vitabu vyote. Jalada likibanduliwa bado utakijua kitabu chako. Vitabu vya maarifa vipange kwa mamia ya Dewey tu, ule mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za masomo: 500 sayansi, 600 kilimo na afya, 900 historia na jiografia. Namba ndefu zenye nukta waachie wakutubi wa mkoa. Hadithi zipange kwa ugumu, ukibandika kipande cha karatasi ya rangi mgongoni.

Hatua ya 4: Kipindi chenyewe

Hapa ndipo unapoonekana kama wewe ni mwalimu au mtunza stoo. Omba kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa, kiingie kwenye ratiba ya ukutani. Kisipokuwa kwenye ratiba, hisabati itakimeza.

Kwa madarasa ya chini, kitabu utakachowasomea kisome nyumbani mara mbili, kwa kuwa darasani utakishika kifuani picha zikiwatazama wao na utasoma kwa kuchungulia. Kabla ya kugeuza ukurasa, simama. "Fisi sasa atafanyaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kwetu walimu, hatujazoea.

Siku moja mtoto wa darasa la kwanza, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake, alijibu kwa Kimakonde. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi mwenyeji wa Singida, sikuelewa neno. Nikawauliza wenzake, "Amesemaje?" Wakanitafsiria kwa kugombaniana: fisi atajifanya mgonjwa. Nikageuza ukurasa, na kweli fisi amelala kajifunika. Tangu siku hiyo jibu la Kimakonde napokea, darasa linalisema kwa Kiswahili, tunaendelea. Na yule mtoto akawa hakamatiki.

Kwa darasa la tatu na kuendelea, wafundishe kujichagulia. Mtoto afungue katikati ya kitabu, asome ukurasa mmoja, akikutana na neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho akirudishe kwa sasa.

Hatua ya 5: Azimisha, hata msimu wa korosho

Oktoba watoto wanaanza kupungua darasani, wako mashambani na wazazi wao wakiokota. Nilikuwa nasimamisha kuazimisha miezi hiyo. Siku hizi ndiyo naazimisha zaidi, kila Ijumaa, mtoto akiweka jina lake mwenyewe kwenye daftari. Tatizo ni mabibo, matunda ya mkorosho. Utomvu wa bibo ukigusa karatasi hautoki, usijisumbue. Kila kitabu kinasafiri ndani ya mfuko wa karatasi ya manila, na ndoo ya maji inakaa mlangoni pa kurudishia, maji yakipatikana.

Kukarabati: gundi ya unga wa muhogo inashika vizuri, lakini mende wanaila pamoja na kitabu. Sindano na uzi wa kushonea magunia ya korosho vinatosha, na kila nyumba huku inavyo. Toboa mashimo matatu mgongoni kwa msumari, shona.

Hatua ya 6: Vitabu vikiisha, andikeni

Vitaisha, watoto wanasoma upesi. Darasa la Tano niliwatuma wakaombe hadithi moja kwa bibi au babu, waandike, wachore. Tukashirikiana na mwalimu wa Kiswahili, yeye akasahihisha insha, mimi nikashona vijitabu. Cha kwanza kimo kwenye rejista, namba 413, kilikotoka: Darasa la Tano, bei: mstari. Kina doa la bibo ukurasa wa pili, na nimeshakibadilisha jalada mara tatu.