Kuivunja 1,234,567 kwa penseli

Juzi mpwa wangu alinijia barazani, hapa Majengo, na ubishi wa darasani: ati 1,234,567 ni nambari tasa, haigawiki ila kwa 1 na yenyewe? Si tasa. Tuliivunja hivi.

Hatua ya 1. Yaishia na 7, basi 2 na 5 nje. Tarakimu zake zajumlika 28, basi 3 nayo nje.

Hatua ya 2. 7, 11 na 13 zimalize kwa mpigo mmoja, maana ukizizidisha wapata 1001. Kata nambari mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 567 − 234 + 1 = 334. Hiyo haigawiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, basi na yetu haigawiki.

Hatua ya 3. Jua pa kukomea: nambari ikivunjika, kigawo chake kidogo ukikizidisha kwa chenyewe hakiipiti. 1111 × 1111 ni 1,234,321. 1112 × 1112 yapita. Ukifika 1111 mikono mitupu, ndipo useme ni tasa. Mwenzake mpwa wangu alikomea 97, ubishi ukaanzia hapo.

Hatua ya 4. Gawanya kwa nambari tasa kuanzia 17. Tumia daftari la miraba. Kikokotoo cha simu sikitaki: chakupa mkia wa desimali, na mimi nataka baki. Jaribio la 25 ni 127, nayo yaingia sawasawa: 127 × 9721.

Hatua ya 5. Je, 9721 yavunjika? Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, miaka hiyo nikijifunza peke yangu. Nilianza upya kutoka 2, na katika kunakili nikaandika 9271. Nikafika 73, ikaingia! Nikapata 127 × 127 × 73, nikafurahi kuiona 127 mara mbili. Nilipozidisha kurudi nyuma nikapata 1,177,417, nikakagua kuzidisha kwangu mara nne, kumbe kosa liko juu kabisa. Na dalili ilikuwa mbele ya macho: 73 nilikuwa nimeshaijaribu kwenye nambari kubwa ikakataa. Chochote kinachogawa 9721 hugawa pia 1,234,567, kwa hivyo kila tasa iliyo chini ya 127 imeshakataliwa. Na lau 9721 ingevunjika, ingekuwa na kigawo kisichozidi 98. Basi ni tasa, bila kugawanya tena hata mara moja. Hata hivyo zidisha kurudi nyuma, kila mara.

Hatua ya 6. Sasa sifa zake zaja bure. Vigawo vinne: 1, 127, 9721 na yenyewe, jumla yake 128 × 9722, yaani 1,244,416. Haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili (nambari nzima mbili, kila moja imezidishwa kwa yenyewe), kwa sababu ukiigawa kwa 4 hubaki 3, na jumla kama hiyo haibakishi 3 kamwe. Na 127 ni 2 kwa kipeo cha 7 ukitoa 1, ile jamii iliyopewa jina la mtawa Mfaransa, Marin Mersenne.

Mpwa wangu keshaleta 12,345,678. Hiyo ni shufwa, na tarakimu zake zajumlika 36. Nimempa penseli.