Mgonjwa akibadilika kwenye benchi, rudi mezani

Mama yangu anaishi na kisukari mwaka wa 11 sasa, na dharura tumeshafika mara 6. Ninayoyaandika hapa nilijifunza mara ya nne. Tulitoka Pasua, hapa Moshi, kwa bajaji saa 4 usiku, mama anatapika. Kwenye meza ya kupokelea wagonjwa muuguzi akampima presha, joto, akambana kile kidude kidoleni cha kusoma mapigo na oksijeni, akaniuliza shida ni nini. Nikasema, "Anatapika." Basi. Tukaambiwa tukae, tutaitwa.

Baada ya saa moja na nusu hivi mama akawa anachelewa kunijibu. Khanga yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni, na Moshi ya Julai inajulikana kwa baridi. Nikadhani usingizi. Niliona vibaya kumsumbua sista mmoja aliyezungukwa na watu wote wale. Mzee aliyeketi pembeni yetu ndiye aliyeniambia, "Binti, huo si usingizi. Nenda kaseme." Wakamtoboa kidole: sukari 2.1, imeshuka mno. Alikuwa amejichoma insulini jioni, chakula chote kikatoka, na mimi sikuwa nimesema hata moja kati ya hayo.

Foleni ya dharura haifuati aliyetangulia kufika. Wengi tulikulia mapokezi ya kawaida, unachukua namba unangoja zamu. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010 tu. Dharura mgonjwa anapewa rangi kwa hali yake: nyekundu anaingizwa papo hapo, njano anasubiri kidogo, kijani anasubiri sana. Sehemu nyingine huongeza rangi ya chungwa katikati. Dereva wa bodaboda aliyevunjika paja akija nyuma yako akapitishwa mbele, hajakunyang'anya kitu.

Ila rangi ile ni ya dakika aliyopimwa. Ukikaa saa mbili, mgonjwa wako anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, na mezani bado anahesabika vile vile. Wewe uliye naye ndiye macho yake. Tazama anavyopumua, kama anaanza kusinzia au kuongea visivyoeleweka, jasho la baridi, midomo kubadilika rangi, damu kuongezeka. Ukiona mojawapo, inuka.

Na ukifika mezani usiseme "mgonjwa wangu amezidiwa." Kila mtu pale anasema hivyo. Sema kilichobadilika: "Shikamoo sista. Mama yangu ana kisukari, anatumia insulini. Tulipoingia alikuwa anaongea, sasa hajibu. Naomba apimwe tena." Sijawahi kufukuzwa kwa maneno hayo.

Kusubiri kwenyewe mara nyingi hakutokani na uvivu wa mtu. Mgonjwa aliyekwisha kuonwa na kuandikiwa kulazwa anabaki kwenye kitanda cha dharura mpaka wodini kipatikane nafasi. Wodi ikijaa, vitanda vya dharura havitoki, na nyinyi mlio nje hamna pa kuingia. Kumgombeza muuguzi hakuzai kitanda.

Kwa hiyo chagua mlango. Kikohozi cha siku tatu, kidonda cha kusafishwa, homa kwa mtu mzima anayekula na kutembea: zahanati au kituo cha afya. Mkoa una hospitali yake, kwetu Mawenzi na kwa wenzetu wa Arusha Mount Meru, na KCMC ni ya rufaa ya kanda. Lakini mtu anayeshindwa kupumua, mdomo umekwenda upande, kifua kinambana, degedege, damu isiyokatika, huyo usizunguke naye. Mjamzito aliyepata dharura, au kichanga, piga 115, ni m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, hulipi.

Nendeni wawili kama mnaweza. Mmoja hakai mbali na mgonjwa. Mwingine anakimbilia malipo, maabara, dawa. Kwenye ajali ndiye atakayefuata PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi huku mwenzake amebaki. Beba dawa zenyewe na makopo yake, maana "kidonge cheupe cha asubuhi" hakimsaidii daktari. Kadi ya kliniki, kadi ya bima, simu yenye chaji.

Sisi sasa tuna daftari dogo, limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukurasa wa kwanza: kisukari, majina ya dawa, dawa inayomdhuru. Chini yake nabakiza nafasi ya kuandika tukiwa bado nyumbani: imeanza saa ngapi, insulini kachoma saa ngapi na yuniti ngapi, mara ya mwisho kala nini na kama kimekaa tumboni. Tukifika, nafungua ukurasa ule nampa sista asome mwenyewe.