Ripoti ya saratani ya utumbo inasema MLH1 haipo? Soma hivi kabla hujawatisha ndugu

Ukipata majibu ya biopsi ya utumbo mpana, yako au ya mzee, usikimbilie stage peke yake. Tafuta majina manne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Hizo ni jeni za kurekebisha makosa DNA inapojinakili, na maabara wanapaka rangi kile kipande cha nyama waone kama protini zake bado zimo kwenye uvimbe.

Zikikosekana, mara nyingi ni MLH1 na PMS2 pamoja. Usihesabu matatizo mawili, PMS2 haidumu bila MLH1, MLH1 ikiondoka na PMS2 inaondoka. Hapo ndo watu wanaanza kuambiana jamani hii ni ya ukoo, watoto wote wakapimwe, kumbe bado mapema sana.

Kwa sababu MLH1 inaweza kupotea kwa njia mbili. Moja jeni yenyewe imeharibika, herufi zimebadilika, na hiyo inaweza kuwa ya kurithi. Ya pili, ambayo ndo nyingi zaidi hasa kwa wazee, herufi ziko vilevile kabisa ila pale mwanzoni mwa jeni, panapoiwasha, vikundi vya methili vimeganda kwenye herufi C na jeni imenyamaza, ni kama duka lina bidhaa zote ila mlango umepigwa kufuli. Hiyo ndo epijenetiki. Na ikishanyamaza, makosa halisi ya DNA yanaanza kurundikana, hasa sehemu zenye herufi zinazojirudia kama AAAAAA, ndo ile MSI unayoiona kwenye ripoti.

So muulize daktari moja kwa moja: hii MLH1 imepimwa methili? Na BRAF V600E, yaani badiliko kwenye jeni nyingine iitwayo BRAF, je? Vipimo vyote vinafanyika kwenye nyama ileile, hukatwi tena. Methili ikiwepo, au BRAF V600E ikionekana, kwa kawaida tatizo ni la huo uvimbe tu, sio la ukoo. Ila mgonjwa akiwa kijana, au ndugu kadhaa wameshaugua, damu ipimwe tu, maana wapo wachache wenye hiyo methili mwili mzima. BRAF isipoonekana haimaanishi kitu peke yake, subiri ya methili.

Methili ikikosekana, hapo sasa pima damu kutafuta Lynch, yaani hiyo hali ya kurithi jeni ya marekebisho iliyoharibika. Ikithibitika, kila mtoto na kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi ya asilimia 50 ya kuwa nayo, na mwenye nayo anaanza kolonoskopi (kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera) kwenye miaka ya 20 na kitu, kila mwaka au miwili.

Iwe ya kurithi au la, MSI ikiwa juu uliza na pembrolizumab, dawa inayosaidia kinga ya mwili kushambulia saratani, Marekani waliiruhusu 2017 kwa saratani zilizosambaa zenye hiyo alama, hata zisizo za utumbo. Bei yake lakini, mmh, jiandae. Halafu ulizia kile kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta kinatunzwa wapi, maana kipimo kikikosekana hospitali yenu ndo hicho kitakachosafirishwa.