Begonia za Viazi Katika Kitalu Nyumba: Namna ya Kupata Maua Makubwa

Begonia ya kiazi ni mmea wa milima yenye ubaridi. Wazazi wake wa porini walikusanywa katika safu ya Andes, hasa Bolivia na Peru, na mseto wa kwanza, kazi ya John Seden nchini Uingereza, uliingia sokoni mwaka 1870. Tangu hapo wazalishaji wa Ulaya wamekuwa wakichagua mimea inayostawi chini ya mchana mrefu wa majira yao ya joto, na hapo ndipo mkulima wa kwetu anapokwama. Limuru, Lushoto na Njombe zina ubaridi unaoufaa mmea huu, lakini mchana wa huku hauzidi sana saa 12. Mchana ukiwa mfupi, begonia hupeleka chakula chake kwenye kiazi, ikadumaa na kutoa maua machache na madogo. Wengi hulaumu mbolea ilhali kinachopungua ni mwanga wa jioni, ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye taa kabla ya kufika kwenye udongo.

Hatua ya 1: Banda na taa. Funika paa kwa plastiki ya kitalu, kisha tandaza juu yake neti ya kivuli inayozuia takriban nusu ya jua. Acha madirisha mapana ya pembeni na tundu la hewa juu, kwa sababu joto likipita nyuzi 28 za Selsiasi matumba huanza kupukutika. Joto la mchana la nyuzi 18 hadi 24 ndilo linalofaa. Ning'iniza taa za LED za wati 10, zenye mwanga wa njano, kiasi cha mita 1 juu ya mimea, na uzipange karibu karibu ili pasibaki kona yenye giza. Ziwashe kabla jua halijazama na uzizime saa nne usiku, kila siku bila kuruka. Mwanga huu hauhitaji kuwa mkali, kwani kazi yake si kuulisha mmea bali ni kuurefushia mchana upite saa 14. Swichi ya saa itakuondolea hofu ya kusahau.

Hatua ya 2: Kuamsha viazi. Chagua viazi vigumu, visivyo na sehemu laini, vyenye upana wa sentimita 5 au zaidi. Ukiviagiza kutoka nje ya nchi, pata kwanza kibali cha kuingiza mimea, kwa mamlaka ya afya ya mimea: TPHPA ukiwa Tanzania au KEPHIS ukiwa Kenya. Vilaze kwenye trei ya kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) yenye unyevu mdogo, upande wenye kishimo ukitazama juu, na usimwage maji ndani ya kishimo hicho, kwa kuwa uozo huanzia hapo.

Hatua ya 3: Kupanda kwenye chungu. Machipukizi yakifikia sentimita 5, bakiza moja lililo nene na ukate mengine. Changanya kokopiti, mboji iliyoiva vizuri na kokoto laini za volkano ili maji yasituame, na uchachu wa mchanganyiko uwe kati ya pH 5.5 na 6.5. Anza na chungu kidogo na uhamishie kikubwa mizizi inapozunguka ukingo, hadi kufikia chungu cha sentimita 20. Maua ya begonia hutazama upande ule ule zinakoelekea ncha za majani, kwa hiyo geuza chungu mapema ili ncha hizo zielekee njia unayopita. Chomeka kijiti wakati huo huo, kwa sababu ukichelewa utatoboa kiazi.

Hatua ya 4: Kutoa matumba. Hapa ndipo ukubwa wa ua unapoamuliwa, na hapa ndipo mkono wa mkulima huwa mzito. Matumba yote ya mwanzo yaondolewe mpaka shina liwe nene na majani yatandae. Baada ya hapo, tazama kila kishada kwa makini: mara nyingi utaona tumba la katikati lililojaa, na pembeni mwake mawili membamba. Yageuze. Yale ya pembeni yana kifuko cha mbegu chenye mabawa matatu nyuma ya petali. Hayo ni majike, na maua yake huwa ya tabaka moja tu. Yabane kwa kucha yangali madogo na umwachie dume la katikati. Shina moja libebe maua matatu tu, na machipukizi ya pembeni yaondolewe pia. Tumba lililobakizwa huchukua wiki sita hadi nane kufunguka lote, na kwa aina nzuri ua hupita sentimita 15.

Hatua ya 5: Maji, mbolea na magonjwa. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si kwenye majani, pale tu udongo wa juu unapokauka. Mwanzoni tumia mbolea ya maji yenye NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyolingana, kwa nusu ya kipimo cha kwenye pakiti. Matumba yakishaonekana, hamia kwenye yenye potasiamu nyingi, kwani naitrojeni ikizidi utavuna majani. Ubwiri unga hujionyesha kama vumbi jeupe juu ya jani: ongeza mzunguko wa hewa, ondoa majani yaliyoathirika na unyunyize salfa jioni, ila usiielekeze kwenye maua yaliyofunguka.

Hatua ya 6: Kulaza viazi. Msimu ukiisha, zima taa. Mchana wetu mfupi, uliokuwa kikwazo, sasa utafanya kazi ya kunenepesha kiazi. Punguza maji polepole na uache shina lidondoke lenyewe bila kulivuta. Fukua kiazi, kikaushe kivulini, kisha kihifadhi ndani ya kokopiti kavu mahali penye ubaridi kwa miezi miwili au mitatu, hadi chipukizi jekundu litokeze kwenye kishimo. Kiazi cha mwaka wa pili au wa tatu ndicho hutoa shina nene zaidi, kwa hiyo usiwe mwepesi wa kuuza vile vya mwaka wa kwanza.