Pikipiki ya zamani isiyowaka: anzia kwenye plagi, si dukani

Somo hili ni kwa wanachama wenzetu wa hapa Tanga wanaoendesha pikipiki za cc 125 zenye kabureta, zilizokwisha kutumika miaka mingi. Kila masika ninaletewa pikipiki ambayo mwenyewe amekwisha kununua koili (inayokuza umeme wa cheche), CDI (kisanduku kinachoamuru cheche itoke lini) na pengine hata kabureta mpya, na bado haiwaki. Injini ya petroli inadai mafuta yaliyochanganyika na hewa, cheche inayotoka kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Tafuta kwanza kipi kinakosekana, ndipo utoe fedha.

Hatua ya kwanza. Hakikisha koki ya mafuta iko wazi, gia iko huru, na swichi ya kuzimia kwenye usukani haijasukumwa kwa bahati mbaya. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe. Pikipiki ambayo CDI yake hupata umeme kutoka kwenye magineti (kizalisha umeme kinachozungushwa na injini yenyewe) huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa.

Hatua ya pili. Piga kiki mara saba au nane, fungua plagi papo hapo, uitazame kabla ya kuifuta, kwa sababu ukiifuta umefuta ushahidi. Iliyolowa na kunuka petroli inasema mafuta yanafika, pengine kupita kiasi, lakini hayaungui. Iliyo kavu kabisa inasema mafuta hayafiki. Yenye masizi makavu meusi inaonyesha mafuta ni mengi kuliko hewa, basi tazama chujio la hewa na choki. Yenye oili nzito inaonyesha ringi au sili za valvu zimechoka, na hilo ni suala la kufungua injini.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayopotosha wengi. Kausha petroli yote iliyomwagika, irudishe plagi kwenye kofia yake, ilaze igusane na chuma cha injini mbali na tundu la silinda, kisha piga kiki ukiwa kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu na hulia. Ya njano iliyofifia haitoshi. Nafasi ya ncha za plagi kwa injini nyingi za aina hii ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ikiwa hakuna cheche hata kwa plagi nzima, usikimbilie koili. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na chumvi hula shaba. Kijana mmoja wa Raskazone alikuja akiwa amekwisha kubadilisha koili na CDI. Nilipoizungusha kofia ya plagi ikatoka, ncha ya waya ikapukutika unga wa kijani kidoleni. Nilikata kama nusu sentimita hadi ikaonekana shaba inayong'aa, nikaikaza kofia upya, na injini ikashika kwa kiki ya pili. Kagua vivyo hivyo waya wa ethi ulipofungwa kwenye fremu.

Hatua ya nne. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, ukinge kwa chupa safi. Yasipotoka mafuta, fungua kifuniko cha tenki: yakianza kutoka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Maji yakiwemo yatatulia chini ya chupa.

Hatua ya tano. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Upepo ukikosa nguvu ya kukisukuma kidole, mgandamizo umepungua.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Pongwe: Shikamoo fundi. Yangu asubuhi inawaka vizuri, lakini ikishapata moto nikiizima haiwaki mpaka ipoe.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pima cheche wakati huohuo ikiwa ya moto. Ikiwa haipo, koili, au ile koili ndogo iliyo kwenye magineti, inakata kwa joto. Ikiwa ipo, shuku valvu zilizobanwa mno, zisizofunga sawasawa injini ikipata joto. Zipimwe injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kipimo kilichowekwa kwa injini hiyo, kwa kuwa hazilingani.

Mwanachama wa Chumbageni: Kila nikitoka kuiosha inagoma.

Jibu: Maji yameingia kwenye kofia ya plagi. Ichomoe, uikaushe kwa kitambaa pamoja na shingo ya plagi, na siku nyingine usielekeze pampu hapo.

Mwanachama wa Mabokweni: Naweza kuzibua jeti, kile kitundu kidogo cha mafuta ndani ya kabureta, kwa waya wa breki?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Tundu la jeti limepimwa, na chuma kigumu hulipanua, kisha pikipiki itakunywa mafuta. Loweka jeti kwenye petroli, puliza kwa upepo. Ikikataa, tumia uzi mmoja laini wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kisha iinue juani na uchungulie hadi uone duara kamili la mwanga.